Mashine Iliyomwonea Haya Mamamkwe

Kyabu alipomwoa Nathalie alijua kuwa amepata mke. Hakujua kuwa amepata na pazia.

Lilikuwa pazia la maua mekundu, limetundikwa kati ya sebule na vyumba vya ndani nyumbani kwa Mama Numbi, mamamkwe wake. Kila Kyabu alipopiga hodi, mama alikusanya kitenge chake, akapita nyuma ya pazia, akakaa huko mpaka mkwe aondoke. Hakuwa na chuki naye, tusije tukamsingizia. Ilikuwa ni buko, ile heshima ambayo Waluba wameiweka kati ya mama na mume wa binti yake: hawatazamani usoni, hawali pamoja, na neno la mmoja likitaka kumfikia mwenzake lazima lipitie kinywa cha mtu wa tatu. Wahenga walisema macho hayana pazia. Wahenga hao hawakuwahi kuoa mjini Kamina.

Mtu wa tatu alikuwa Nathalie mwenyewe. Jumapili moja, baada ya misa, alisimama kwenye kizingiti, sikio moja huku, sikio moja kule, amechoka kabla kazi haijaanza.

"Mama anauliza kama leo itasema."

"Mwambie mama, niko najaribu," alijibu Kyabu, amechuchumaa mbele ya kompyuta.

Nathalie aligeukia pazia, akasikiliza, akarudi. "Anasema hata juma iliyopita ulijaribu."

"Mwambie ni kweli."

Kompyuta yenyewe ilikuwa zawadi ya Kyabu. Ana kibanda karibu na soko, anapiga fotokopi, anachapa barua za watu, na kuwatilia vijana nyimbo kwenye clé zao, zile flash ndogo za kuchomeka. Clé za Kamina zina virusi vingi kuliko mbwa wa sokoni alivyo na viroboto, ndiyo maana mashine zake zote alizitilia Linux, ambayo virusi hivyo haviiwezi. Moja, kubwa na kuukuu, aliipeleka ukweni, akaiunganisha na televisheni ya Mama Numbi kwa waya mmoja wa HDMI, ule unaobeba picha na sauti pamoja. Picha ilikuja siku ile ile, safi kabisa. Sauti haikuja. Hata kukohoa haikukohoa.

Siku za kawaida watu wangecheka, mambo yakaisha. Lakini safari hii ndani ya clé ya Mama Numbi alikuwamo Mujinga.

Mujinga ni mdogo wake Nathalie. Alikwenda Lubumbashi kuwa mtawa, na mwaka huu aliweka nadhiri zake za milele, zile ambazo mtu akizitamka harudi nyuma. Wazazi walialikwa. Baba yao alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwalikwa alikuwa mmoja. Mama Numbi aliwaambia watu kwamba magoti yanamuuma, na Mujinga alipopiga simu akamjibu, "Tutaona, magoti yakikubali." Magoti hayakukubali. Ni magoti hayo hayo yaliyompeleka shambani kulima mihogo siku ambayo binti yake alikuwa mbele ya altare.

Ukweli ni kwamba hakuwa amemtoa binti yake. Kwao msichana akiposwa, anasimamishwa mbele ya koo mbili na mahari iliyoletwa, anaulizwa: tupokee bintu bya aba bantu, ao tubirudishe? Naye lazima ajibu kwa kinywa, mpaka waliokaa nyuma wasikie. Kutikisa kichwa si jibu. Mama Numbi aliulizwa hivyo enzi zake, Nathalie naye akaulizwa mbele ya Kyabu aliyekuwa akitoka jasho la miguu. Mujinga hakuulizwa na mtu, au kama aliulizwa, mama yake hakusikia.

Kisha jirani mmoja alitoka Lubumbashi na treni, akaleta clé yenye video ya sherehe. Familia ikakusanyika mbele ya televisheni, Kyabu akiwa nje uani kwa sababu ya buko. Waliona kanisa limejaa. Waliona watawa watatu wamesimama katika mavazi meupe. Mzee padri akawa anasogeza midomo. Mujinga akageuka ghafla, akatazama mlango wa kanisa, akautazama muda mrefu. Midomo yake ikacheza kidogo. Padri akamwekea mkono begani. Na Mujinga akashika ncha ya shela yake, akajifuta machozi.

"Munaona?" alisema Banza, kaka yao mkubwa. "Iko anatafuta mulango ya kukimbilia. Na ule muzee anamukamata. Banamulazimisha!"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mama Numbi alirudia kutazama ile picha bubu kila siku, jua lilipokuwa na nguvu ya kujaza betri, na kila siku Mujinga aligeukia mlango na kulia. Alimpigia simu. Mujinga alisema, kila kitu kiko sawa, mama. Lakini ni mtoto gani amewahi kumwambia mama yake kwamba mambo si sawa? Alipoulizwa juu ya machozi, alisema mtandao unakatika.

Banza alikuwa ameshafunga mfuko wake. Treni ilitangazwa kwa Jumanne, naye alikuwa anakwenda kumtoa dada yake kwa watawa, kwa amani au kwa makelele. Mama hakumkubalia, wala hakumkataza. Neno lake lilikuwa moja: "Minyi nataka nisikie kinywa yake kwanza. Kama alisema mwenyewe, mumuache. Kama banamulazimisha, uende umulete."

Kyabu alilijua neno hilo, na lilimlalia kifuani. Alimpenda yule shemeji yake mdogo aliyecheka kwenye harusi yao mpaka akapaliwa. Aliogopa Banza asiende kuvuruga maisha ya mtu kwa sababu ya waya. Na aliogopa pia, tuseme ukweli, kwamba huenda Banza alikuwa sahihi.

Mtu atauliza, si wangekwenda kusikiliza kibandani kwa Kyabu? Mama Numbi hakanyagi pahali pa mkwe wake. Si wangempa Kyabu clé aende nayo? Aliifunga kwenye pembe ya kitenge, akasema binti yake hatatazamwa sokoni kama mwanamuziki. Na vile vispika vya kuvaa masikioni? Kyabu alivileta, lakini tundu lake kwenye ile mashine lilikufa zamani. Na simu ya Nathalie haina mdomo wa kuingiza clé. Ilibaki televisheni, nayo haina tundu la clé, lazima ipitie mashine.

La kutia wazimu ni hili: kibandani ile mashine ilisema. Kyabu aliibeba kwa baiskeli mara mbili, akaiunganisha na televisheni ya kibandani, akaweka wimbo, na wimbo ukaitika mpaka wauza chikwangue, ile mikate ya mihogo, wakatikisa mabega. Akairudisha ukweni, bubu. Alibadilisha waya, bubu. Alihamisha waya kwenye tundu jingine la televisheni, bubu.

"Minyi najua ugonjwa yake," alisema Zébédée, askari mstaafu wa Base, ile kambi ya jeshi, jirani asiyekosa penye kiti na kivuli. Alikuwa kwenye mlango wa sebule, anamenya karanga. "Ii machine ilitoka ku upande wa bwana, njo ile? Basi nayo ni mukwe. Iko na buko. Haiwezi kusema mbele ya mama mukwe."

Nyuma ya pazia kikasikika kicheko kidogo, kikazimwa haraka kwa kiganja. Banza hakucheka.

Kyabu alirudi kwenye kazi yake. Alifungua mipangilio ya sauti, ambayo mashine yake iliiandika kwa Kifaransa. Sauti haikuwa imezimwa. Mshale ulikuwa umesukumwa mpaka mwisho kabisa. Alitazama orodha ya pahali ambapo sauti inaweza kutokea. Kulikuwa na mstari mmoja tu, wa lile tundu lililokufa. Kibandani mistari huwa miwili, na wa pili ni HDMI. Hapa ukweni mstari wa pili haukuwapo, ni kama hakuna televisheni duniani, na huku televisheni iko mbele yake inamwonyesha huo huo upungufu. Alijisikia kama mtu anayetukanwa kwa adabu.

"Nitaizima na kuiwasha upya," alimwambia Nathalie. Akabofya.

Mashine ikalia ile sauti yake ndogo ya kuamka, pip, na feni likaanza kuvuma.

"Zima televizion!" sauti ilipasuka nyuma ya pazia. "Zima! Weye mutoto, utaichoma!"

 Zébédée alibaki na karanga njiani kati ya mkono na kinywa. Lilikuwa neno la kwanza ambalo Mama Numbi alimwambia mkwe wake tangu harusi. Nathalie alifungua kinywa alirudie, kama kazi yake ilivyo, akakifunga. Neno lilikuwa limeshafika.

Kyabu aliruka akachomoa plagi ya televisheni. Ni mkwe gani angesimama abishane? Nyuma ya pazia alimsikia mamamkwe akijipiga mdomo kwa aibu. Alibaki amesimama na plagi mkononi, anaitazama kwa kuwa hakujua pa kutazama. Na kwa kuitazama hivyo, swali likamjia.

"Nathalie, muulize mama. Ku ii nyumba, televizion inawakaka wakati gani?"

Nathalie hakuhitaji kuuliza, lakini aliuliza, maana heshima ni heshima. Jibu lilirudi dogo, bado lina aibu. "Anasema ya mwisho. Siku yote. Machine kwanza, bangoje courant itulie, kisha televizion. Ile ya zamani iliungua juu ya kuiwasha mbele ya machine."

Kyabu aliketi chini sakafuni, akaanza kucheka peke yake.

Kila mtu wa Kamina anajua kanuni hiyo. Umeme ukija, uwe wa jenereta au wa betri ya jua, unakuja kwa kiruu, unarusha teke la kwanza. Kwa hiyo kitu cha thamani kinawashwa mwisho, baada ya vitu vya bei rahisi kupokea teke. Kyabu mwenyewe anafanya hivyo na friji ya jirani yake anayoitunza. Ndiyo maana hakuwahi kuitilia shaka. Kwa sababu ya buko alikuwa akisubiri uani mpaka aitwe, na alipoingia alikuta mashine imeshaamka na televisheni ndiyo inachomekwa, akaona ni sawa, kama kuona sufuria juu ya moto. Kibandani, televisheni inawaka tangu asubuhi ili kuvuta wateja. Huko mashine haijawahi kuamka ikaikuta imelala.

"Elezea mama vizuri," alimwambia Nathalie, na safari hii alisema polepole, kwa sauti inayovuka pazia bila kulielekea. "Machine ikiamuka, inapiga hodi mu câble. Inauliza: kule kuko nani? Iko na masikio? Sasa kama televizion imezimwa, haijibu. Machine inaandika mu kichwa yake: hakuna mutu wa kusikia. Inafunga kinywa. Kisha televizion inakuya kuamuka, inapata picha, lakini sauti machine inasha kuikatala. Haina mubaya. Haina na buko. Iliita tu, haikupata mutu."

"Kumbe," alisema Zébédée, kidogo amesikitika kwa kupoteza mzaha wake.

"Tunaweza kuiamusha bila kuzima televizion," Kyabu aliendelea. "Televizion kwanza, machine nyuma."

Pazia likatikisika kidogo. Kisha Nathalie aliinama, akasikiliza, akarudi na uso mwingine. "Mama anauliza: inaweza kuungua?"

Hapo Kyabu angeweza kusema hapana. Alilitamani sana hilo hapana. Lakini convertisseur ya nyumba ile, kile chombo cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumba, ilikuwa kuukuu, na aliwahi kuiona taa ikiruka mashine ilipoamka. "Mwambie mama, inaweza. Nafasi ni kidogo tu, lakini inaweza."

"Basi acha," alisema Banza. "Ikiungua, mama hataona tena hata sura yake. Minyi Jumanne naenda. Nitamusikia mwenyewe kule."

Watu wote walitazama pazia, isipokuwa mkwe, aliyetazama miguu yake. Alimwonea huruma mwanamke yule kuliko alivyowahi kumwonea mtu. Ile televisheni ndiyo ilikuwa dirisha lake pekee la kumtazamia binti, na sasa anaambiwa alitie rehani ili asikie jambo ambalo huenda lingemuumiza.

"Sura yake niko nayo," alisema Mama Numbi hatimaye, na hakumpitishia Nathalie. "Nilimuzaa minyi. Washa."

Kyabu alizima mashine. Akachomeka televisheni. Ikawaka buluu tupu, haina la kuonyesha. Akabonyeza mashine. Taa ya ukutani ikaruka, ikafifia, Banza akashusha pumzi kwa nguvu. Kisha taa ikatulia, na televisheni ilikuwa bado inawaka. Katika orodha ya sauti mistari ilikuwa miwili. Kyabu alichagua wa pili, akaomba clé. Nathalie aliipokea chini ya pazia, bado ina joto la kitenge.

Walikuwa wamesahau kwamba kwa wiki nzima wamekuwa wakisukuma sauti mpaka mwisho. Ngoma za kanisa zililipuka sebuleni, kuku wakakimbilia kwa jirani, Zébédée akamwaga karanga zote. Kyabu alipunguza sauti. Alitaka kutoka nje, kama inavyompasa mkwe, lakini Nathalie alimshika shati.

Kwaya ikaisha. Sauti ya mzee padri ikaja, ya upole na kavu kidogo. Alimwita mtawa wa kwanza kwa jina, akamuuliza anaomba nini, naye akajibu. Akamwita wa pili. Kisha akasema, "Mujinga. Wewe unaomba nini?"

"Naomba kumtumikia Mungu ndani ya nyumba hii, siku zote za maisha yangu."

Alisema kwa kinywa. Alisema mpaka waliokaa nyuma wakasikia, na ndiyo sauti yake kabisa, ile ya kuita mbuzi jioni. Haikutetemeka popote. Banza aliinamisha kichwa. Nyuma ya pazia mama alipumua pumzi ndefu, na Kyabu akadhani mambo yameisha.

Hayakuisha. "Sasa," alisema padri, "wazazi wasogee, wawatoe binti zao kwa Mungu." Akawaita wa kwanza, vigelegele vikapigwa, baba na mama wakapita mbele wakicheza. Akawaita wa pili, vigelegele tena. Halafu akaita, "Wazazi wa Mujinga."

Kanisa likanyamaza. Mtoto mmoja akalia mahali fulani, akanyamazishwa.

"Wazazi wa Mujinga wako wapi?"

Hapo ndipo Mujinga alipogeuka. Pale pale walipopaona siku zote, shingo ile ile, macho yale yale kwenye mlango. Midomo yake ikacheza, na sasa walisikia.

"Mama yangu iko nakuya, Padri," alisema. "Tumungoje kidogo."

Na padri akangoja. Kanisa zima likangoja. Kisha mzee akamwekea mkono begani.

Pazia likafunguka. Mama Numbi alitoka akapita mbele ya mkwe wake bila kujifunika, na Kyabu akageuza uso ukutani haraka. Alisimama karibu na televisheni mpaka mwanga wake ukampaka usoni.

"Rudisha nyuma," alimwambia Kyabu.

Kyabu alirudisha, macho bado ukutani, vidole vikitafuta vyenyewe. Vigelegele vya wale wengine vikapita tena. Kimya kikaja tena.

"Wazazi wa Mujinga wako wapi?"

"Niko apa," alisema Mama Numbi. "Minyi njo mama yake. Niko apa, Padri. Ninamutoa."

Alilisema kwa sauti ya kuvuka uwanja, mikono imenyooka mbele kama anayekabidhi kitu. Nathalie alianza kigelegele, kikageuka kilio. Lakini kwenye televisheni Mujinga aligeuka vilevile, akatazama mlango, akamwambia padri kwamba mama yake anakuja.

Mama Numbi aliweka kiganja kwenye kioo.

"Niko nakuya, mutoto yangu," alisema. "Jumanne. Ungoje kidogo."